Programu ya hesabu inapokwama mpakani: kipi cha kuongeza, kipi cha kuacha

MALI bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga. Kwa kampuni nyingi zinazovusha bidhaa Namanga, Busia, Mutukula na Rusumo, daftari la siku hizi ni programu ya kompyuta. Inaandika mauzo, inahesabu kilichobaki ghalani, inakumbuka nani anadaiwa na inatoa hesabu za mwisho wa mwezi. Tatizo ni kwamba nyingi ya programu hizo zilitengenezwa kwa kufikiria duka lililoko nchi moja, linalouza kwa fedha moja na kulipa kodi kwa mamlaka moja.

Mfanyabiashara wa mpakani hayuko hivyo. Anaweza kununua kwa shilingi ya Kenya, kulipa lori kwa dola, kulipia forodha kwa shilingi ya Tanzania na kuuza kwa faranga ya Rwanda, mzigo huohuo, wiki hiyohiyo. Programu ikifika hapo inakwama, na karani anafungua jedwali pembeni na kuanza kuandika upya kwa mkono. Ndipo linapozaliwa wazo la kumwita mtaalamu aiongezee programu ya kampuni kazi isizokuwa nazo.

Wazo hilo si baya. Likitumika mahali panapostahili, linaondoa makosa, linaokoa muda na linamwonyesha mwenye mali faida yake halisi. Likitumika kila mahali, kampuni inabaki na programu isiyoweza kupandishwa toleo, inayoeleweka na mtu mmoja tu, ambaye akipata kazi kwingine biashara inasimama. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, kuna swali la kutanguliza: ni kazi zipi za mpakani zinazohitaji kweli kuandikiwa msimbo mpya, na zipi zimo tayari ndani ya programu ila hazijawashwa?

Ngazi tatu za kuibadili programu

Programu zinazozungumzwa hapa ni zile zinazounganisha mauzo, manunuzi, ghala, hesabu na mishahara mahali pamoja, ili karani wa ghala akipokea katoni 100, mhasibu azione bila kupigiwa simu. Baadhi ya zinazofahamika katika ukanda huu ni Tally ya India, Sage ya Uingereza, SAP Business One ya Ujerumani, Odoo ya Ubelgiji na ERPNext ya India. ERPNext, na toleo la bure la Odoo, msimbo wake uko wazi: mwenye ujuzi anaweza kuusoma na kuuongezea. Tally nayo ina lugha yake, TDL, ambayo mafundi huitumia kuongeza ripoti na sehemu za kujazia taarifa.

Kuna ngazi tatu za kuibadili programu ya namna hii, na bei zake hazilingani hata kidogo.

Ngazi ya kwanza ni mipangilio. Hapa hakiandikwi chochote kipya. Mtu anawasha kazi zilizomo, anaongeza fedha nyingine, anaweka viwango vya kodi, anabadili sura ya ankara. Mhasibu makini aliyefundishwa siku mbili tatu anaweza kuifanya sehemu kubwa ya kazi hii mwenyewe.

Ngazi ya pili ni moduli iliyo tayari. Mtu mwingine alishapata shida hiyohiyo, akaandika kipande cha programu, sasa anakiuza au anakitoa bure. Kazi ya kampuni ni kukijaribu na kuhakikisha kwamba bado kinatunzwa.

Ngazi ya tatu ni msimbo mpya ulioandikwa kwa ajili ya kampuni moja. Hii ndiyo ghali, na ughali wake hauishii siku ya kukabidhiwa. Kila mstari ulioandikwa unahitaji mtu wa kuutunza sheria ikibadilika, programu ikipanda toleo au mfumo wa serikali uliounganishwa nao ukibadilika.

Kosa la kawaida ni kuanzia ngazi ya tatu. Kampuni inamweleza fundi shida yake, fundi ambaye riziki yake ni kuandika msimbo anaandika msimbo, na hakuna aliyeuliza kama kazi hiyo imo tayari.

Gharama ya njiani: kazi iliyomo isiyotumika

Mfano mzuri ni gharama ya mzigo hadi unapofika ghalani. Bei ya kiwandani si bei ya mali. Kuna lori, wakala wa forodha, vibali, maegesho na vibarua wa kupakua. Kampuni nyingi huziandika gharama hizo kwenye fungu moja la "matumizi", kisha zinapanga bei ya kuuzia kwa kukisia.

Chukua mzigo wa kufikirika wa bidhaa mbili. Biskuti katoni 1,000 zilizonunuliwa kwa Sh12,000 kila moja ni Sh12 milioni. Juisi katoni 400 zilizonunuliwa kwa Sh20,000 ni Sh8 milioni. Gharama zote za njiani ni Sh2 milioni. Zikigawanywa kwa kufuata thamani, biskuti zinabeba Sh1.2 milioni na juisi Sh800,000. Katoni ya juisi sasa imegharimu Sh22,000. Ikiuzwa Sh23,000, mwenye mali anaona faida ya Sh1,000.

Lakini lori hulipwa kwa uzito. Ikiwa biskuti zilikuwa tani 3 na juisi tani 7, gharama zikigawanywa kwa uzito juisi inabeba Sh1.4 milioni. Katoni ya juisi imegharimu Sh23,500. Bei ileile ya Sh23,000 sasa ni hasara ya Sh500 kwa kila katoni, na kadiri juisi inavyouzika ndivyo mtaji unavyoyeyuka. Biskuti, ambazo labda mwenye mali alikuwa anafikiria kuziacha, zimegharimu Sh12,600 tu badala ya Sh13,200.

Hesabu hii ndiyo inayowafanya wafanyabiashara wengi watafute fundi. Ukweli ni kwamba Odoo na ERPNext zote zina kazi ya kugawa gharama za njiani kwenye bidhaa, na Odoo inampa mtumiaji uchaguzi wa kugawa kwa thamani, kwa uzito, kwa ujazo au kwa idadi. Kinachohitajika ni kuiwasha na kumzoeza karani kujaza uzito wa kila bidhaa. Kumlipa mtu aiandike upya ni kununua kitu kilichomo kabatini.

Risiti za kodi: mpaka ambao haujafunguliwa

Kuna mahali ambapo mpangilio wa kawaida hautoshi, na pa kwanza ni risiti ya kodi. Eneo Moja la Forodha la Jumuiya ya Afrika Mashariki, lililoanza kutekelezwa mwaka 2014, lilisogeza karibu taarifa za forodha za nchi wanachama. Risiti za mauzo hazikuingia humo. Kila nchi ina mfumo wake.

Tanzania ilianza na mashine za EFD mwaka 2010, baadaye ikaleta VFD, ambayo ni programu inayofanya kazi ya mashine na kuzungumza moja kwa moja na seva za TRA. Rwanda ilianza EBM mwaka 2013. Uganda ilianza kuutumia mfumo wa EFRIS Januari 1, 2021. Kenya ilileta eTIMS mwaka 2023, na tangu Januari 1, 2024 gharama ya biashara isiyo na ankara ya mfumo huo haikubaliwi kupunguza kodi ya mapato, isipokuwa zile zilizoondolewa na sheria, zikiwamo bidhaa zilizoagizwa kutoka nje. Ng'ambo ya Tunduma, Zambia iliufanya mfumo wake wa Smart Invoice kuwa wa lazima kwa waliosajiliwa VAT kuanzia Julai 1, 2024.

Kwa juu, mifumo hiyo inafanana. Ankara ikiandikwa, taarifa zake hutumwa kwa mamlaka ya kodi, na jibu hurudi na namba ya uthibitisho pamoja na alama ambayo mnunuzi anaweza kuihakiki kwa simu. Ndani, mambo hayafanani. EFRIS inataka kila bidhaa isajiliwe kwa namba ya aina yake na kipimo chake, na stoku iongezwe kabla ya kuuza. Kenya ina njia mbili za kuunganisha programu: OSCU kwa wenye intaneti muda wote, na VSCU kwa wanaotoa ankara nyingi kwa mkupuo au wasio na intaneti ya uhakika. VFD ya Tanzania hudai pia ripoti ya kufunga siku, maarufu kama ripoti Z.

Hata namba ya mlipakodi ina mtego wake. TIN ya Tanzania ina tarakimu 9. Ya Uganda ina tarakimu 10. PIN ya Kenya ina herufi na tarakimu 11 kwa jumla, ikianza kwa herufi na kuishia kwa herufi. Fundi wa Arusha aliyeiamuru programu ikubali tarakimu 9 tu, amemfungia mlango mteja wa Nairobi bila kujua.

Kampuni yenye ofisi pande mbili za mpaka na isiyo na muunganisho huo, huandika kila ankara mara mbili: kwenye programu yake na kwenye mfumo wa serikali. Kwa ankara 10 kwa wiki, hilo linavumilika. Kwa ankara 100 kwa siku, makosa hayaepukiki, na tofauti kati ya vitabu vya kampuni na kumbukumbu za mamlaka ndiyo hoja ya kwanza ya mkaguzi.

Hapa kuunganisha ni kazi halali. Hata hivyo, kuandika kutoka mwanzo bado ni njia ya mwisho. KRA huthibitisha kampuni za kuunganisha eTIMS na programu za wafanyabiashara, na kwa ERPNext zipo moduli za wazi zilizotengenezwa mahsusi kwa mahitaji ya Tanzania. Busara ni kuuliza kwanza nani ameshaidhinishwa, kisha kumwomba aonyeshe kazi yake ikiwa hai kwenye kampuni nyingine.

Kiwango cha kodi si cha kukatia mbao

Kiwango cha kawaida cha VAT ni asilimia 16 Kenya, na asilimia 18 Tanzania Bara, Uganda na Rwanda. Fundi mwenye haraka huiandika namba hiyo ndani ya msimbo. Siku sheria ikibadilika, programu nzima inadanganya.

Hilo si la kufikirika. Aprili 1, 2020, wakati wa janga la corona, Kenya ilishusha VAT kutoka asilimia 16 hadi 14. Januari 1, 2021 ikairudisha 16. Kampuni zilizokuwa na kiwango hicho kwenye jedwali la mipangilio zilibadili namba moja. Ambayo kiwango chake kimejificha ndani ya msimbo hulazimika kumtafuta fundi mara mbili ndani ya miezi tisa, na kuhakikisha kwamba ankara za zamani hazijabadilika pamoja na mpya.

Kanuni inayotoka hapo ni rahisi kuisema kwenye kikao na fundi: kila kinachoweza kubadilishwa na serikali, benki au msambazaji, kikae mahali ambapo mhasibu anaweza kukibadilisha mwenyewe. Viwango vya kodi, viwango vya fedha, ada za wakala na namba za bidhaa za forodha vyote vimo kwenye kundi hilo.

Kwenye fedha kuna jambo la kuongeza. Programu nyingi huweka kiwango kimoja cha kubadilishia fedha kwa siku. Mfanyabiashara wa mpakani anahitaji viwili: kile kilichotumiwa na forodha kuthaminisha mzigo, na kile alichokatwa na benki siku ya kulipa. Vikichanganywa, faida au hasara ya ubadilishaji fedha inajificha ndani ya bei ya bidhaa. Kuongeza sehemu moja ya kujazia kiwango cha forodha kwenye hati ya kupokea mzigo ni kazi ndogo kwa fundi. Aidha, kila hati itaje TZS, KES au UGX. "Sh" peke yake, katika ukanda wenye shilingi zaidi ya moja, ni kutafuta ugomvi na mteja.

Faili la safari: pale msimbo unapolipa

Kama kuna moduli moja ambayo kampuni ya mpakani inaweza kuandikiwa bila majuto, ni ile inayoifanya safari ya mzigo kuwa na namba yake. Programu za kawaida zinajua oda, zinajua ankara, zinajua malipo. Hazijui kwamba oda hii, lori hili, dereva huyu, tamko hili la forodha, cheti hiki cha uasilia na risiti hizi 11 za njiani vyote ni safari moja.

Umuhimu wake unaonekana kwenye kodi. Bidhaa inayotozwa VAT ikiuzwa nje ya nchi hutozwa kiwango cha sifuri, na mnunuzi hulipa VAT ya kwao mzigo unapoingia. Lakini sifuri hiyo haitolewi kwa maneno. Muuzaji lazima awe na ushahidi kwamba mzigo ulitoka nchini. Ukaguzi ukija miaka miwili baadaye na hati ya kutoka mpakani haionekani, mauzo yale yanaweza kuhesabiwa kama ya ndani, na asilimia 18 ambayo mteja hakuilipa inaweza kuwa deni la muuzaji. Kwa biashara yenye faida ya asilimia 6 au 7, hayo ni maafa.

Faili la safari huizuia hali hiyo kwa njia ya kawaida kabisa: programu inakataa kuifunga safari mpaka nakala ya hati ya kutoka iwe imewekwa. Dereva au wakala anaipiga picha kwa simu, karani anaiambatisha. Mwisho wa mwezi ripoti moja inaonyesha safari zilizo wazi, nani anadaiwa hati, na faida ya kila safari baada ya gharama zote.

Kinachopaswa kuachwa ni ndoto ya kuiunganisha programu moja kwa moja na mifumo ya forodha, kama vile TANCIS ya Tanzania, iCMS ya Kenya au ASYCUDA inayotumika Uganda na Rwanda. Kwa kawaida tamko huwasilishwa na wakala wa forodha mwenye leseni. Programu ya kampuni inatosha ikiweza kumtolea wakala huyo orodha safi ya mzigo: jina la bidhaa, namba ya forodha yenye tarakimu 8 inayotumiwa na Jumuiya, uzito, thamani na nchi ya asili. Orodha hiyo ikiwa sahihi, tamko huandikwa mara moja na lori halilali mpakani kwa sababu ya kilo zisizolingana.

Fundisho kutoka Ujerumani

Hatari ya kubadili kupita kiasi haiwapati wadogo tu. Lidl, kampuni kubwa ya maduka ya vyakula ya Ujerumani, ilianza mwaka 2011 mradi wa kuhamia kwenye programu ya SAP, nayo pia ni kampuni ya Ujerumani. Mwaka 2018 Lidl iliuacha mradi huo. Vyombo vya habari vya nchi hiyo viliripoti kwamba gharama zilikuwa zimefikia takriban euro milioni 500.

Moja ya sababu zilizotajwa ni jambo ambalo muuza duka yeyote wa Kariakoo au Gikomba angelielewa. Lidl ilizoea kuhesabu thamani ya stoku yake kwa bei ya kununulia. Programu ya SAP ya maduka ya rejareja ilikuwa imejengwa kuihesabu kwa bei ya kuuzia. Badala ya kubadili mazoea, iliamuliwa programu ibadilishwe. Badiliko hilo likagusa sehemu nyingine, nazo zikahitaji mabadiliko yake, mpaka kazi ikawa kubwa kuliko faida yake.

Kwa kampuni yenye malori matatu fundisho ni lilelile. Kabla ya kuandika msimbo ili programu ifuate utaratibu wa ofisi, iulizwe kama utaratibu wenyewe una maana. Ankara inayosainiwa na watu wanne kwa sababu ndivyo alivyotaka mkurugenzi aliyestaafu, haihitaji moduli. Inahitaji kupunguziwa saini.

Toleo jipya linapobisha hodi

Programu hizi hazikai kama zilivyo. Odoo, kwa mfano, hutoa toleo jipya kubwa kila mwaka na kwa kawaida huhudumia matoleo matatu ya karibuni. Kampuni iliyoingiza mkono kwenye kiini cha programu itakuta kwamba toleo jipya linafuta mabadiliko yake au linakataa kufanya kazi nayo. Nyingi huamua kubaki na toleo la zamani, na taratibu zinakosa marekebisho ya usalama na miunganisho mipya ya kodi.

Dawa yake inajulikana kwa mafundi wazuri: kiini hakiguswi. Kila nyongeza inaandikwa kama moduli ya pembeni inayoweza kuzimwa bila kuangusha nyumba. Mwenye kampuni asiyejua msimbo anaweza kuithibitisha kwa ombi moja: fundi aizime moduli hiyo kwenye nakala ya majaribio, na programu iendelee kuuza na kupokea mali kama kawaida.

Nakala ya majaribio yenyewe ni sharti. Hakuna sababu ya kujaribu kitu kipya kwenye hesabu halisi. Na majaribio yafanywe kwa hali halisi ya mpakani: umeme umekatika, intaneti imepotea katikati ya kutuma ankara, karani amebonyeza mara mbili. Moduli nzuri inaiweka ankara kwenye foleni na kuituma mtandao ukirudi, mara moja tu. Mbaya inatuma mbili, na mamlaka ya kodi inazihesabu zote kuwa mauzo.

Mkataba ndio ufunguo

Malalamiko mengi kuhusu kazi hizi hayahusu msimbo mbaya. Yanahusu fundi aliyeondoka na funguo. Kampuni inagundua kwamba seva imeandikwa kwa jina lake, nywila kuu anayo yeye, na msimbo uko kwenye kompyuta yake ya nyumbani. Anayetaka kuepuka hilo aweke mambo yafuatayo kwenye karatasi kabla ya malipo ya kwanza:

Kazi ielezwe kwa mifano halisi. Nyaraka za safari tatu zilizopita, pamoja na jibu sahihi linalotarajiwa kutoka kwenye programu, zina maana kuliko kurasa 20 za maelezo ya jumla.

Umiliki wa msimbo utajwe waziwazi. Sheria za hakimiliki za nchi za ukanda huu hazifanani kuhusu kazi iliyoagizwa na mtu asiye mwajiri, hivyo ni vyema mkataba useme nani anamiliki na sheria ya nchi gani itatumika.

Seva, jina la tovuti na akaunti kuu viwe kwa jina la kampuni, na nywila ziwe na watu wawili ndani ya kampuni.

Malipo yafuate hatua zilizokaguliwa, na sehemu ibaki mkononi mpaka mwezi mmoja wa kazi halisi upite, ikiwamo kufunga hesabu za mwezi huo.

Matengenezo yawe na bei na muda: nani anapigiwa simu, anajibu ndani ya saa ngapi, na mabadiliko ya sheria ya kodi yanalipiwa vipi.

Taarifa za wateja zilindwe. Kenya na Uganda zilitunga sheria za ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022. Fundi anayebeba orodha ya wateja na simu zao kwenye kompyuta yake anaiweka kampuni hatarini mbele ya sheria hizo.

Mwongozo uandikwe kwa Kiswahili au lugha anayoitumia karani kazini. Programu inayoeleweka na mkurugenzi tu itajazwa vibaya na ghala zima.

Si kila mtu anaihitaji

Mfanyabiashara anayevusha mizigo midogo, ambaye anatumia cheti cha uasilia kilichorahisishwa kwa bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000, hana sababu ya kumlipa mtu amwandikie moduli. Mamlaka za kodi zina njia zao za bure kwa wenye ankara chache, zikiwamo tovuti ya EFRIS na eTIMS ya kwenye simu. Jedwali la kawaida la kompyuta, lenye safu ya namba ya safari na safu ya kila gharama, litamwonyesha faida yake vizuri kabisa.

Wafanyabiashara wa kati nao wana njia ya tatu: kuungana. Wauzaji watano wa nafaka wanaotumia programu moja na kupita mpaka mmoja wana shida zinazofanana. Moduli moja wanayoichangia, kwa mkataba unaoeleza haki ya kila mmoja, inagawanya gharama ya kuiandika na, zaidi ya hapo, gharama ya kuitunza.

Kwa anayesita, kuna kipimo kisichohitaji fundi. Zichukuliwe nyaraka zote za safari tatu za mwisho, zitandazwe mezani, na kwa kalamu nyekundu pawekwe alama kila mahali ambapo taarifa ileile iliandikwa zaidi ya mara moja, na kila mahali ambapo tarakimu za hati mbili hazilingani. Alama zikiwa chache, fedha ya fundi iende kwenye mzigo. Zikiwa nyingi na zote zimerundikana mahali pamoja, kwa mfano kwenye risiti za kodi au hati za kutoka mpakani, basi hapo, na hapo tu, ndipo pa kuandikia msimbo.